Mvua Haimngoji Mkulima



Tunawaomba jambo moja: darasa la bustani la watu wazima lifunguliwe mapema Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na tena mapema Septemba, kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Miche ya sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Basi asubiriye mvua ndipo asie mbegu, hupanda mvua zikikaribia kukatika, na mboga za watoto wake atazinunua sokoni.

Darasani tutajifunza kutia udongoni samadi iliyooza, kupunguza maji ya miche juma moja kabla ya kuihamisha ili ikomae, na kutopanda nyanya mahali palipotoka viazi, kwani mimea hiyo miwili huambukizana ugonjwa wa ukungu.

Wako wasemao kwamba aliyezaliwa shambani hana la kufundishwa. Sisi twasema elimu haina mwisho. Mzee ajuaye dalili za mvua na aje atufundishe. Asiyejua kazi ya kitalu na aje ajifunze. Benchi ni moja kwa wote.