Kamba Iliyoachwa Mashuani

Muda ambao msikilizaji huchemsha chai ya asubuhi na kuinywa ulitosha kuizamisha Empress of Ireland. Alfajiri ya Mei 29, 1914, katika ukungu wa mto St. Lawrence nchini Kanada, meli hiyo iligongwa na Storstad, meli ya Norwe iliyobeba makaa ya mawe. Dakika 14 tu, ikawa chini. Watu zaidi ya 1,000 walikufa.

Mauti hayakuishia hapo. Mwaka uleule mzamiaji Edward Cossaboom alifia hapo katika kazi ya kuopoa mali, na tangu wazamiaji wa burudani waanze kuizuru miaka ya 1960, wengine kadhaa wamemfuata.

Na bado wapo wanaoingia ndani ya meli kama hiyo bila kamba ya kuongozea! Mtu anajiambia atachungulia mara moja tu, kisha atoke. Atoke kwa njia ipi? Empress imelalia ubavu wa kulia, kwenye kina cha mita 40 hivi: sakafu imekuwa ukuta, milango iko juu ya kichwa. Teke moja la mguu huvuruga tope, na tochi haionyeshi hata mkono wa mwenye kuishika. Pale ni kamba tu, iliyofungwa nje kabla ya kuingia, inayojua mlango.

Mwaka 1979 Sheck Exley, mzamiaji wa mapangoni wa Marekani, alichapisha uchambuzi wake wa ajali za wenzake. Kukosa kamba ya kuongozea kulikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo, pamoja na kutotunza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kurudi.

Hewa yenyewe haingoji. Kwenye mita 40 huisha kwa kasi mara tano ya ile ya kwenye uso wa maji. Baridi inaweza kugandisha kifaa cha kupumulia, kikakwama wazi na kumwaga mtungi mzima. Naitrojeni nayo humlevya mtu, naye aone anafikiri sawasawa.

Kuchukua sahani za meli kama ukumbusho ni uovu mwingine. Quebec iliilinda meli hiyo kisheria mwaka 1999, na humo mna mifupa ya watu.

Lakini kamba kwanza. Aliyeisahau mashuani aitazame meli kwa nje, apande, arudi nayo siku nyingine.