Jani Limekauka: Limeanzia Wapi?

Leo tutazungumza juu ya mahindi yanayokauka majani kabla ya wakati wake.

Mara nyingi mkulima akiona majani yamekauka hukimbilia dukani kununua dawa. Anatoa fedha, anapulizia, na mahindi yanaendelea kukauka vile vile. Kwa nini? Kwa sababu jani kavu si ugonjwa, ni dalili tu. Mtoto mchanga hulia kwa njaa, hulia kwa homa, na hulia akiumwa na siafu. Usipojua kinachomliza, utampa dawa ya homa mtoto mwenye njaa.

Sasa ndugu mkulima, kabla ya kufungua mfuko wa fedha, ingia shambani ujiulize maswali matatu. Kwanza, yameanza kukauka majani ya chini au ya juu? Pili, jani limeanza kufa kwenye ncha, ukingoni, au katikati? Tatu, yamekauka ghafla, au polepole?

Tuanze na majani ya chini. Mmea wenye njaa hunyang'anya chakula cha majani makuukuu na kulisha majani machanga. Ukiona jani la chini linageuka manjano kuanzia kwenye ncha, likafuata mshipa wa kati kama mkuki unaoelekea shinani, huku kingo zikibaki kijani kwa muda, basi mahindi yako yana njaa ya naitrojeni. Weka samadi iliyooza vizuri wakati wa kutayarisha shamba, na mbolea ya kukuzia mahindi yafikapo magotini.

Lakini kama mambo ni kinyume chake, yaani kingo za jani la chini ndizo zinazokauka na mshipa wa kati umebaki kijani, hiyo ni njaa ya potasi. Ndugu mkulima, potasi nyingi ya mahindi imo katika mabua. Ukiyaondoa mabua yote shambani kila mwaka, umeiondoa na potasi yako. Yarudishe mabua, au rudisha samadi ya ng'ombe walioyala.

Je, umeweka mbolea juzi, na leo majani yana mabaka meupe au ya kahawia? Huo si ugonjwa. Chembe za mbolea zimeangukia ndani ya majani na kuyaunguza. Tazama majani mapya: yakitoka safi, tulia. Safari nyingine weka mbolea kando ya shina, kiasi cha upana wa kiganja, kisha fukia kwa udongo.

Haya, sasa tupande juu. Ukiona jani la katikati tu limekufa, livute. Likichomoka kwa urahisi, lichunguze chini yake. Ukikuta limetafunwa, na kuna unga unga wa kinyesi, huyo ni funza wa mabua. Kwa huyo dawa inafaa, lakini ni pale tu anapokuwa bado kwenye majani machanga. Akishaingia ndani ya bua, dawa ya kupulizia haimfikii.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Kuna ugonjwa unaokausha mmea mzima. Huanzia kwenye majani machanga. Majani hupata michirizi ya manjano inayofuata mishipa, kisha hukauka kutoka ukingoni kwenda ndani. Moyo wa mmea hufa. Mahindi yakifika kubeba, maganda ya gunzi hukauka mapema, na ukimenya unakuta punje chache au hakuna kabisa. Ugonjwa huu ulionekana Bomet, nchini Kenya, mwaka 2011, na mwaka 2012 ukathibitishwa hapa Tanzania. Husababishwa na virusi vya aina mbili vinavyokutana katika mmea mmoja. Hubebwa na wadudu wadogo kama vidukari na vithiripi, na waweza kupita katika mbegu.

Ndugu mkulima, hakuna dawa inayoponya virusi vya mahindi. Anayekuuzia dawa ya kuponya ugonjwa huu anachukua fedha yako bure. Ukiona dalili hizo, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata yako athibitishe. Ikiwa ndio wenyewe, ng'oa miche yote inayougua na uiondoe shambani. Msimu unaofuata usipande mahindi hapo. Panda maharage, kunde, viazi au muhogo. Palilia magugu ya jamii ya nyasi, maana nayo hufuga ugonjwa. Usichague mbegu katika shamba lililougua, hata gunzi likionekana zuri. Na magunzi yaliyooza yasiliwe na watu wala mifugo, kwani ukungu wake una sumu.

Tena, zungumza na jirani. Mdudu hajui mpaka wa shamba. Ukibadilisha zao peke yako, na jirani akaendelea kupanda mahindi msimu hata msimu, ugonjwa utarudi kwako. Jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa kijiji, ili watu wabadilishe mazao kwa pamoja.

Kwa hiyo kumbukeni: jani la chini, kwanza fikiria njaa. Mabaka baada ya mbolea, fikiria kuungua. Jani la katikati likichomoka, tafuta funza. Majani machanga yakikauka toka ukingoni na moyo ukifa, mwite mtaalamu upesi. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, zungukeni mashamba yenu mkayatazame majani.