Nani anabaki na mtoto?
(Maneno kwenye mkutano wa wanachama, Goma)



Tangu kambi za pembeni ya Goma zivunjwe mwezi wa Februari 2025, tumehesabu bashi, mbegu na sabuni. Hatujahesabu usingizi wa mama mwenye mtoto wa otisimu, hali ambayo Watanzania wanaita usonji. OMS inakadiria kwamba duniani mtu 1 kwa 127 yuko nayo, kwa hiyo hata kati yetu wako.

Mtoto huyo pengine hasemi, ao anarudilia neno moja siku nzima. Makelele yanamuumiza. Sasa mufikiri Kanyaruchinya ao Bulengo, hema juu ya hema! Mama mmoja aliniambia alikuwa anafunga kamba kwenye mguu wa mtoto na kwenye mkono wake mwenyewe, ili mtoto akitoka usiku yeye aamuke. Chakula alikikosa mara mbili, sababu mtoto hakuweza kusimama kwenye mstari. Leo wako Kibumba, kwao, lakini kamba iko palepale.

Anasema tu: “Niko na mawazo mingi.” Neno hilo kwetu linafunika mengi: moyo kupiga mbio, machozi, hata kutamani kufa. Bwana alienda. Wakwe wanasema mtoto ni mchawi (na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu anayemsingizia mtoto hivyo, tusisahau). Otisimu haitoki kwa uchawi wala kwa malezi mabaya. Kuomba ni vizuri. Kumunyima mtoto chakula ili “apone”, hapana.

Hapa Goma kuko Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Karita. Huko mama anaweza kusikilizwa. Lakini akienda, nani anabaki na mtoto?

Naomba kila kikundi cha likelemba kichague watu wawili, wamujue mtoto: anakula nini, anaogopa sauti gani, ananyamazishwa namna gani. Wabaki naye mchana mmoja kwa juma. Wafadhili, mulipe transpoti yao na kitu kidogo cha kuwashukuru. Najua haionekani kwenye picha kama bashi.

Kikundi cha Kibumba kiko na jina moja tayari. La pili tunalitafuta mbele ya Jumanne.