Kupanga Kiwango cha Sauti Unapohamisha Santuri Kwenda Kwenye Kompyuta



Wengi wetu tumelelewa na kaseti. Mshale wa kipimo cha sauti ulipaswa kugusa eneo jekundu, la sivyo mvumo wa utepe ungeumeza muziki. Mazoea hayo kwenye dijitali yanaharibu kazi. Juu ya desibeli sifuri hapana nafasi hata kidogo: wimbi likifika hapo hukatwa kichwa, na programu zinazodai kulirudisha hukisia tu.

Hofu ya kurekodi chini haina msingi. Santuri nzuri ya vinaili hubeba tofauti ya desibeli 60 hadi 70 hivi kati ya mvumo wake na sauti yake kubwa kabisa. Kurekodi kwa biti 24, kinadharia, hubeba 144. Vilele vikiishia desibeli 6 chini ya sifuri, hata 10, mvumo utakaousikia ni wa santuri yenyewe. Sauti utaipandisha baadaye kwenye nakala.

Kipimo usikichukulie mwanzo wa upande. Inamisha santuri chini ya taa: penye kishindo, mara nyingi mifuo huachana na kuyumba zaidi. Kwa muziki wa dansi, tafuta pale tarumbeta na saksafoni zinapoingia pamoja. Piga sehemu hiyo, panga kiwango, kisha usiguse tena mpaka pande zote mbili ziishe, maana wimbo wa taratibu kuwa chini kuliko wa chemko ni uamuzi wa waliourekodi. Mkwaruzo mmoja ukiruka juu ya muziki, uache, utasafishwa.

Sasa, kiwango kinapangwa wapi? Niliwahi kuletewa faili ambalo vilele vyake vyote vimelala bapa, desibeli 4 chini ya sifuri. Aliyerekodi aliona wekundu akashusha sauti ndani ya programu, ilhali ilikuwa imeshapasuka kwenye kadi ya sauti. Shusha kwenye kadi yenyewe. Na kabla ya kadi lazima pawe na amplifaya ya santuri, kwani sindano ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, tena besi ikiwa imepunguzwa makusudi. Ukichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni, utapata sauti nyembamba ya kukera.

Amplifaya hizo hurudisha besi kwa kanuni ya RIAA ya mwaka 1954. Santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad zilirekodiwa Bombay kuanzia 1928, kwa hiyo kanuni hiyo haizihusu. Kwa santuri kama hizo za mizunguko 78, ni afadhali kurekodi sauti ghafi, kwa amplifaya isiyorudisha besi, na kurekebisha baadaye. Hapo mikwaruzo, ambayo amplifaya ya kawaida huipunguza makali, itaingia mizima. Acha nafasi ya desibeli 12 au zaidi. Na ukisharudisha besi, vilele vitapanda upya, basi vipime tena kabla ya kutoa nakala.