Mashirika ya Dini na Elimu ya Watoto Wetu wa Gihembe

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite mbele ya wakimbizi waliotoka kambi ya Gihembe, Kinyinya, Kigali



Tunawashukuru kwa kupanda hadi hapa Kinyinya. Jina hili wazee wetu walilisikia kabla ya kuujua mji wenyewe. Mitambo ya redio ya Deutsche Welle ilikuwa hapa tangu mwaka 1965 hadi 2015, na habari za Kiswahili zilizorushwa kutoka hapa zilifika Masisi na Rutshuru kwa wale waliokuwa na pesa ya kununua mawe ya redio. Basi tusione haya kusema kwa Kiswahili mahali hapa.

Tuliombwa tuseme juu ya mashirika ya dini na masomo ya watoto wetu. Tutasema tuliyoyaona, mazuri na yale mengine.

Sisi tulifikishwa Byumba mwisho wa mwaka 1997, baada ya kambi ya Mudende kushambuliwa mara mbili mwaka huohuo, mwezi wa nane na mwezi wa kumi na mbili. Tulikuja tukiwa na majeraha, na wengine tukiwa na watoto wasio wetu. Mtoto wa namna hiyo hakupelekwa shuleni kwanza kwa ajili ya hesabu. Alipelekwa ili akae mahali penye kengele, penye mtu mzima anayeita jina lake kila asubuhi na kuuliza kama hayupo. Hilo lilikuwa dawa, na waliotusaidia kulipata walikuwa zaidi watu wa dini.

Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lililoanzishwa na Padri Pedro Arrupe mwaka 1980, lilisimamia masomo Gihembe, Kiziba na Nyabiheke kwa miaka mingi. Baadaye ADRA, shirika la Waadventista, likajenga madarasa na kuendesha elimu katika kambi za Wakongomani. HCR ilitoa fedha na serikali ya Rwanda ilitoa ardhi na ruhusa, lakini aliyemjua mtoto kwa jina alikuwa mwalimu, na walimu wengi walikuwa wakimbizi wenzetu waliofanya kazi kwa posho ndogo. Ripoti za wafadhili hazina nafasi ya kuwataja hao. Sisi tunawataja.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuuma. Kwa miaka mingi masomo ya kambini yaliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Mtoto alifaulu mtihani wa taifa, akarudi nyumbani na cheti, akakaa. Vijana wakaenda kutafuta vibarua Byumba mjini. Wasichana, mnajua wenyewe yaliyowapata. Minervali ya shule ya bweni haikuweza kutoka kwenye mgao wa mahindi na maharagwe. Mashirika yalitafuta wafadhili wa watoto wachache, na kwa hao wachache tunashukuru, lakini mzazi mwenye watoto watatu waliofaulu alimchagua nani? Ndipo vijana wetu waliosoma wakaanzisha wenyewe masomo ya sekondari ya juu, wakaiita shule yao Hope. Walifundisha bila mshahara. Tunaomba mtu asije akaandika kwamba mkimbizi alingoja tu kupewa.

Kisha mwaka 2008 serikali iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Watoto wetu walikuwa wa Kifaransa, na walimu wetu pia. Mwalimu alijifunza somo usiku ili alifundishe asubuhi. Hapo mafunzo ya lugha yaliyotolewa na mashirika yalituokoa kuliko hata madawati.

Tuseme na hili, tusifichane. Lilikuwapo shirika moja, hatulitaji, ambalo kabla ya kumlipia mtoto liliuliza barua ya mchungaji wake. Wazazi wengine walibadili dhehebu mwezi wa nane na kurudi la zamani mwezi wa kwanza. Tulicheka, lakini ilikuwa aibu, nayo ilikuwa aibu ya aliyeuliza zaidi kuliko ya aliyejibu. Kambi ilikuwa na Wakatoliki, Waadventista, Wametodisti, Wapentekoste na Waanglikana, na wote walikuwa na njaa moja. Mashirika yaliyoheshimiwa ni yale yaliyosoma alama za mtoto bila kuuliza anasali wapi.

Mwaka 2021 kambi ilifungwa kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakila mlima, na watu wetu wakahamishiwa Mahama, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ndugu zetu Warundi. Wengine tuko hapa Kigali. Tumeona kazi ya Mama Marguerite Barankitse, ambaye mwenyewe ni mkimbizi, aliyeanza Maison Shalom kule Ruyigi mwaka 1993 kwa nguvu ya imani yake, na mwaka 2017 akafungua kituo chake hapa Kigali. HCR nayo imeweka lengo kwamba mwaka 2030 wakimbizi 15 kwa kila 100 wenye umri wa chuo wawe wanasoma vyuo. Tukihesabu watoto wetu, bado ni mbali.

Kwa hiyo komite inayaomba mashirika ya dini mambo mawili. Msianze darasa la kwanza bila kujua nani atalipa la mwisho. Na mradi ukiisha, mtuachie vitabu vya alama na majina ya wanafunzi, kwa maana kuna vijana wetu ambao leo hawawezi kuthibitisha kwamba walisoma.

Na ninyi wazazi: yeyote aliye na bulasheni za zamani, hata zilizoliwa na panya, azilete kwa mwandishi wa komite kabla hatujatawanyika. Tutazinakili na kumrudishia zake.