Benki ya Taka Kisangani: Tuanze na Maganda, Plastiki Ifuate



Mangobo au Kabondo, hapa Kisangani, ni nadra kukuta chupa tupu ya bia imetelekezwa mtaroni. Muuzaji anaidai, kwa sababu akitaka kreti mpya lazima arudishe chupa au azilipie. Chupa ya plastiki ya maji haina wa kuidai, nayo huishia mtoni. Wanywaji ni walewale. Kinachotofautiana ni bei. Kazi ya benki ya taka ni hiyo tu: kukipatia kinachotupwa mtu wa kukidai.

Mfano unaotajwa sana ni wa Bantul, Indonesia, alikoanzisha benki ya namna hii Bambang Suwerda mwaka 2008. Mwanachama huleta taka alizochambua nyumbani, zinapimwa, thamani yake inaandikwa kwenye kitabu chake, na fedha anazichukua baadaye. Benki huwauzia wafanyabiashara wa taka na kubakiza sehemu ya kuendeshea kazi. Lakini Bantul iko Java, kisiwa chenye viwanda tele na wanunuzi wa karibu. Sisi tuko takriban kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa, na mashua zinazoshuka zimeshajaa mpunga, mahindi na mawese. Plastiki yetu itagombea nafasi na chakula. Tena kilo moja ya chupa ndogo za maji ni chupa 50 hadi 100: mwendesha toleka, baiskeli ya kukodi, akibeba gunia la chupa zisizopondwa, anasafirisha hewa.

Ndiyo maana napendekeza tuanze na kile ambacho mnunuzi wake yuko mtaa wa pili. Maganda ya muhogo na ndizi, makapi ya mpunga kutoka vinu, unga wa mbao kutoka kwa maseremala: hivi vikikaushwa, vikachomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo, vikasagwa na kugandishwa kwa uji wa muhogo, vinakuwa makaa ya kupikia. Kila nyumba inanunua makaa, na mengi yanatoka msituni kwa barabara za Buta, Ituri na Lubutu. Ugumu wetu ni mvua, inayonyesha karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mtaji wa kwanza uende kwenye paa la kukaushia kabla ya mashine yoyote. Na tununue taka kavu tu. Tukipima mbichi tutalipia maji, na wajanja wataongeza mchanga.

Kuhusu fedha, akina mama wa likelemba, yaani upatu, wanajua kutunza daftari kuliko wengi wetu tulioandika mada za semina hii. Wao ndio wapewe vitabu. Malipo madogo yafanywe papo hapo, hata kwa makaa yenyewe, na anayetaka kuweka akiba aichukue Septemba shule zinapofunguliwa. Utaratibu huo unaipa benki fedha za kuzungusha kwa miezi kadhaa, ila una mtego: wiki moja wote watakuja kudai. Hapo magunia elfu ya plastiki isiyouzika hayatamlipia mtoto ada. Kanuni yangu ni ngumu, na najua wengine hawataipenda: benki isiandike kitabuni thamani ya kitu ambacho hakijapata mnunuzi.

Plastiki nayo isiachwe. Bukavu tumeona inavyoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, na kule Plastycor ya Nicole Menemene inaigeuza kuwa bidhaa za kuuzwa mjini humohumo. Nairobi, Nzambi Matee anaichanganya na mchanga kutengeneza vigae vya kutandaza ardhini. Tukipata mafundi, soko letu ni nyua za shule na makanisa ya hapahapa. Lubunga iwe na kituo chake, maana nauli ya kuvuka mto ingemeza faida yote.

Lakini nepi, betri na sasheti zilizochafuka hazina mnunuzi, na amri ya serikali ya Desemba 2017 iliyopiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki haijaziondoa sasheti mikononi mwa wauzaji. Taka hizo ni mzigo wa mji, ambao tayari unatoza ushuru wa soko. Benki ikikubali kuzizoa bure ili ipendwe, haitafika Septemba ya pili. Naomba hilo liandikwe kwenye mkataba na komini kabla mizani haijanunuliwa.