MAZUNGUMZO KWA MADEREVA WA BAJAJI NA PIKIPIKI: TAHADHARI YA BAISKELI KATIKA BARABARA ZA USAMBARA



Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu madereva wa bajaji na pikipiki, khasa vijana wetu wa Visiwani wanaovuka bahari kwenda kutafuta riziki Lushoto na kwingineko katika milima ya Usambara.

Imezoeleka kudhani kwamba chombo cha moto kikigongana na baiskeli, anayeumia ni mpanda baiskeli peke yake. Kwa lori dhana hiyo huweza kukaribia ukweli. Kwa bajaji ni upotofu. Bajaji ina gurudumu 1 tu mbele, wala haina milango ya kumkinga dereva. Akikata usukani ghafla ili kuikwepa baiskeli, chombo hupinduka, kifua chake hujipiga kwenye usukani, na mkono au mguu uliotoka nje hubanwa chini. Mwenye pikipiki naye huangukia kichwa, bega au kifundo cha mkono.

Kwetu Unguja ardhi kwa sehemu kubwa ni tambarare, na baiskeli huonekana tangu mbali. Barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni haiko hivyo. Lushoto iko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na njia hupanda kwa kona kali, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Baiskeli inayoteremka na mzigo ni taabu kuisimamisha; inayopanda huyumba.

Kwa hiyo madereva wanahimizwa wazingatie haya:

1. Wapunguze mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Mwendo ukiwa mara 2, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara 4, na barabara ikilowa huzidi.

2. Wabaki kushoto, wapige honi penye kona, wala wasiipite baiskeli pasipoonekana mbele.

3. Wa pikipiki wavae kofia ngumu na kufunga ukanda wake.

Ajali ikitokea, apigiwe Polisi kwa namba 112. Damu izuiwe kwa kugandamiza kitambaa safi, na mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe ovyo. Dereva naye apimwe hospitalini hata akijiona mzima, kwani pigo la kifua au tumbo huchelewa kujidhihirisha.

Wahenga wamesema, mwenda pole hajikwai. Anayemhifadhi mpanda baiskeli huihifadhi na nafsi yake.